Karanga ya Kumi na Tisa

Usiulize kwa nini mikorosho yangu haikunyooka safu.
Kijana mpima ardhi alikuja na kamba toka wilayani,
nikamwambia: mwanangu, hapa miti inafuata gari.

Hii ilikuwa kona ya juu, upande wa Naipanga.
Jembe likizama shubiri moja linakutana na changarawe iliyoshindiliwa,
kigae chekundu cha taa ya nyuma,
na mwaka juzi, tukichimba choo,
spana namba kumi na saba, kutu imeigeuza mzizi.

Wenye mpango wa karanga walipoondoka Nachingwea
waliacha mashamba yasiyo na karanga na vyuma visivyo na mwenyewe.
Baadaye hata reli iling'olewa,
ikakunjwa kama mkeka siku ya kuanua tanga.
Mafundi hawakung'olewa.
Mkono uliokwisha kujua spana, ukiupa jembe tu, unanuna.

Wakachukua duara la kufundishia matrekta,
wakalimwagia mafuta machafu,
wakalishindilia kwa pipa lililojazwa zege,
wakaliita Mviringo.
Bedfodi lilivuliwa bodi likabaki mifupa na hasira.
Morisi ya Mosi Likwaya ilipakwa buluu kwa ufagio.
Landrova ya Fridolini Nandonde haikuwa na milango;
mwenyewe alifungwa kitini kwa kamba ya katani,
na mkewe ndiye aliyekaza fundo, akilaani.

Jumapili, baada ya misa, kabla ya alasiri:
katika upenyo huo dini zote mbili zilikula vumbi moja.
Mama aliuza togwa. Rejeta ikichemka
waliinywesha maji aliyosuuzia vikombe.

Baba yangu, Abdala Chilumba, hakujua kalamu, alijua kuhesabu.
Kila gari na kopo lake la maziwa.
Likikata mstari wa chokaa, karanga moja ndani: ti.
Ishirini zikitimia, kanga ya mama juu:
ALIYEWAHI KUONDOKA HAJUI TULICHOKULA.

Ukaja mwaka wa petroli kwa kibali.
Tukaambiwa, Jumapili ijayo magari marufuku;
basi leo iwe ya kufungia. Zawadi: dumu la petroli, limejaa.

Bedfodi likapinduka hapa hapa ninapopalilia.
Baba akakimbia, makopo akaniachia mimi.
Nilikuwa na miaka saba, na toka jana sijatia kitu kinywani.
Moja tu. Ya juu. Katika kopo la Nandonde.

Nandonde alikata mstari wa kwanza; kanga haikupanda.
Baba alimwaga kopo, akahesabu, akarudia,
akainua kidole: bado mmoja.
Landrova ikaenda kwa harufu ya petroli, siyo petroli,
ikazima kona ya chini.
Fundo la mkewe likamshinda kulifungua.
Akakaa humo amefungwa, akimtazama Mosi anapita.

Baada ya hapo, kijiji kipya, nyumba kwa mistari.
Rimu ikawa kengele ya shule,
boneti likafunika kisima, matairi yakawa katambuga.
Na baba akawa Mla Rushwa:
kisimani, kwenye mnada wa korosho,
hata siku ya jeneza la Nandonde,
alipolisogelea wakambadilishia bega.

Baba hakula.
Aliyekula ni mimi, na ilikuwa mbichi, haina hata chumvi.
Nilisema nitakua kwanza, kisha nitasema.
Nilikua. Baba akafa akiwa bado anahesabu kwa vidole,
usiku, kwenye shuka, anafika kumi na tisa, anaanza upya.

Mjukuu wa Nandonde hunibebea magunia kwa pikipiki.
Njia ya mkato ipo, wapita wote wanaijua,
yeye huzunguka na upinde wa mikorosho, mguu nje, kama vile kona inamwita.
Jana nilimsimamisha.
Nikaenda jikoni, nikarudi, nikamwekea kiganjani karanga.
Akacheka: Bibi, moja tu?

Moja tu.